Makka, Chennai na Guangzhou kwa safari moja: nani atangulie?

Duara likikubali, au msimu wa duka ukienda vizuri, mambo matatu hugombea fungu lile lile la fedha katika nyumba za Waislamu wa Kahama, Katoro na Geita. Kuna mzazi aliyeambiwa kwamba tiba yake inapatikana India. Kuna hamu ya muda mrefu ya kuiona Kaaba. Na kuna bidhaa za dukani ambazo wafanyabiashara wenzake huzifuata Guangzhou. Yote matatu yako Asia, na hapo ndipo huzaliwa fikra inayoonekana kuwa ya busara: kwa nini nauli ya kuvuka bahari ilipwe mara tatu? Tuunganishe: Chennai, Jeddah, Guangzhou, kisha nyumbani.

Fikra hiyo haina kosa kwa asili yake. Masahaba waliwahi kuona uzito wa kufanya biashara katika masoko ya Ukadh, Majanna na Dhul Majaz wakati wa Hija, na aya ya 198 ya Suratul Baqara ikawaondolea uzito huo kwa kubainisha kwamba hakuna dhambi kutafuta fadhila za Mola katika safari hiyo. Tatizo la safari za mfululizo liko katika upangaji. Watu wengi huupanga mfululizo kwa kufuata bei ya tiketi au tarehe ya soko, ilhali anayepaswa kuamua mpangilio mzima ni msafiri aliye dhaifu kuliko wote, na mara nyingi huyo ni mama au baba.

Msafiri maarufu kuliko wote wa Kiislamu alianza kwa nia moja tu. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akikusudia Hija. Safari moja ikazaa nyingine: alifika Kilwa mwaka 1331, akaenda India, visiwa vya Maldives na Uchina. Aliporejea kwao mwaka 1349, baba yake alikuwa amekwishafariki miaka mingi, na mama yake alikuwa amefariki kwa tauni muda mfupi kabla hajawasili. Watu husimulia sana nchi alizoziona, na sehemu hii huipita haraka. Sisi tunaona inafaa kukumbukwa na kila anayepanga kuongeza nchi moja zaidi juu ya ile aliyoikusudia.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo isiyobembelezeka. Hija haiingii katika mfululizo wa namna hii. Ina siku zake, viza yake na kundi lake, na asiye na kibali hana nafasi. Katika Hija ya mwaka 2024 mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza vifo vya watu 1,301, nyingi vikitokana na joto kali, na asilimia 83 ya marehemu hao hawakuwa na vibali, hivyo wengi walitembea juani bila mahema wala usafiri. Kwa hiyo tunazungumzia Umra. Na hapa lipo swali ambalo hatutalikwepa: mwenye uwezo wa kulipia nchi tatu, na hajahiji, ajiulize kwanza kuhusu Hija yenyewe. Wanazuoni wa Kishafii wanaruhusu kuichelewesha kwa mwenye azma ya kweli ya kuitekeleza, lakini mapato ya machimboni hayana ahadi ya mwaka ujao.

Umra nayo ina milango inayofungwa. Wiki kadhaa kabla ya Hija, wageni huzuiwa kuingia kwa ajili ya Umra. Mwaka 2025 siku ya mwisho ya kuingia ilikuwa 13 Aprili. Maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu mwaka 1957, huwa mara mbili kwa mwaka, ya kwanza yakianza 15 Aprili na ya pili 15 Oktoba. Aliyedhani ataanza na maonesho ya Aprili kisha aende Makka, mwaka ule angekuta mlango umefungwa siku mbili kabla maonesho hayajaanza. Kwa miaka hii, Oktoba ndiyo inayokubaliana na Umra. Isitoshe, kwa familia za Shinyanga zenye mpunga na pamba, miezi ya Mei na Juni ni ya mavuno na mauzo. Kuondoka wakati huo ni kumwachia mtu mwingine mzigo wa nyumba nzima.

Sasa, kati ya vituo vitatu, kipi kitangulie? Wazee wengi hupenda Makka iwe mwisho, ili wafike nyumbani wakitokea kwenye Nyumba tukufu. Wengine hutaka iwe mwanzo, fedha zikiwa bado mfukoni. Kwa mgonjwa, rai yetu ni tiba kwanza. Sa'yi peke yake, mizunguko saba kati ya Swafa na Marwa, hukaribia kilomita tatu, na kabla yake kuna tawafu katikati ya umati. Kiti cha magurudumu kinaruhusiwa na kinapatikana. Hata hivyo, mama mwenye moyo uliochoka hapaswi kupelekwa huko kabla daktari hajamchunguza na kusema neno lake.

India hutoa viza maalumu ya matibabu kwa mgonjwa, na nyingine kwa wasindikizaji wake wa karibu, wasiozidi wawili. Asiende mtu na viza ya utalii akitarajia kulazwa. Nafasi ya msindikizaji wa pili ndiyo ufunguo wa mpango mzima, na familia nyingi huiacha kwa kubana matumizi. Waende watoto wawili pamoja na mzazi. Baada ya Umra, mmoja anarudi naye nyumbani, na mwingine anaelekea Guangzhou peke yake. Kumpitisha mzee aliyetoka hospitali katika maghala ya vitambaa na vipuri ni adhabu kwake, na biashara yenyewe haitafanyika sawasawa. Tena madumu ya Zamzam yatarudi nyumbani na mzee, badala ya kuzungushwa Uchina.

Chanjo zina hesabu ya siku. Hati ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na kwa kanuni za kimataifa hudumu maisha yote. India inaweza kumweka karantini hadi siku sita mtu anayetoka nchi iliyo katika orodha yake bila hati hiyo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, inayotakiwa na Saudi Arabia, nayo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Pasi ya kusafiria iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, ukihesabu kutoka kituo cha mwisho.

Kuhusu tiketi, tofauti kati ya tiketi moja yenye vituo kadhaa na tiketi zilizonunuliwa mbalimbali huonekana siku ndege ya kwanza inapochelewa. Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Kwenye tiketi mbalimbali, hasara ni yako. Na katika tiketi moja, usipotokea kwenye kipande kimoja, vipande vinavyofuata kwa kawaida hufutwa. Tiba haina tarehe ya uhakika ya kumalizika, kwa hiyo kipande cha kutoka India kiwe cha kubadilishika, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Njia ya ndege hubadilisha pia miqati. Anayetoka India kupitia Doha au Dubai kwenda Jeddah, kwa kawaida hupita usawa wa Qarnul Manazil akiwa angani. Anayeanzia Madina atahirimia Dhul Hulaifa, ambako huogea na kujitayarisha kwa utulivu. Kwa mgonjwa tunaiona njia hii kuwa nyepesi zaidi. Nguo za ihramu zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwani begi lililoko tumboni mwa ndege halifunguliki angani. Mwenye nia ya Umra akivuka miqati bila kuhirimia, arejee, la sivyo atalazimika kuchinja.

Swala nazo zifikiriwe. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi swala hapo. Asiyejua ataondoka lini, kama msindikizaji anayesubiri kila siku ruhusa ya daktari, anaweza kupunguza hadi siku 18.

Kabla ya yote hayo kuna hesabu ya nyumbani. Dhahabu iliyochimbwa, kwa Washafii, hutolewa zaka ya asilimia mbili na nusu inapopatikana na kusafishwa, bila kusubiri mwaka, ikifikia nisabu ya gramu 85 hivi. Deni la mfadhili wa duara lililokwisha kuiva lilipwe, na migao ya wabia itolewe. Wosia uandikwe, na matumizi ya mke na watoto yaachwe ya kutosha kwa siku zote pamoja na nyongeza, maana hospitali huongeza siku. Na wako wanaofikiri kubeba vipande vya dhahabu ili waviuze Dubai wakipita: huo ni utoroshaji wa madini. Masoko ya madini yapo tangu mwaka 2019, Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Iuzwe huko, na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 zitolewe taarifa mpakani.

Mwisho ni njia ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, ambayo hudharauliwa kwa kuwa ni ya nyumbani. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, ndiyo iliyowabeba wazee wetu kuelekea pwani kutafuta meli. Leo anayetoka Geita anavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko, na kupanda ndege Mwanza. Wa Kahama au Shinyanga anaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha treni ya mwendokasi, iliyofika huko mwaka 2024. Wakati wa kwenda, mzazi alale Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya ndege. Wakati wa kurudi alale mbili, na ndugu wa Dodoma waarifiwe mapema ili waje kumpokea stesheni kabla hajapanda basi la Shinyanga.