Mlima Meru na biomu za dunia: kwa nini afya ya Ngaramtoni inaanzia msituni

Siku ya gulio Ngaramtoni, mama aliyeshuka kutoka mlimani na ndizi, viazi na karoti huketi hatua chache tu kutoka kwa mzee aliyeleta mbuzi kutoka nyika za Oldonyo Sambu. Wote wawili wanakaa chini ya mlima mmoja, Meru, ila mimea, wanyama na hata magonjwa ya kwao hayafanani. Kila mmoja ametoka kwenye biomu yake, yaani eneo lenye tabianchi ya aina moja na viumbe walioizoea tabianchi hiyo.

Biomu huamuliwa zaidi na vitu viwili, joto na mvua. Mjerumani Alexander von Humboldt alipopanda mlima Chimborazo huko Ekwado mwaka 1802, aliona mimea ikibadilika mkanda baada ya mkanda, kana kwamba anatoka ikweta kuelekea ncha ya dunia. Jambo hilohilo liko juu ya vichwa vyetu. Ngaramtoni iko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Meru kipo mita 4,566. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi kama 6, hivyo kileleni kuna baridi zaidi ya hapa sokoni kwa nyuzi 18 hivi.

Mvua nayo ina upande wake. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi na unyevu hugonga mlima, hupanda, hupoa na kumwaga maji upande wa kusini. Zikivuka kwenda kaskazini na magharibi zimeshakauka. Ndiyo maana ukishika barabara ya Namanga, migomba na kahawa hupungua upesi na migunga inaanza. Hiyo ni savana, nchi ya twiga na pundamilia, biomu ileile inayoenea hadi Serengeti.

Ukipanda badala ya kwenda mbele, unaingia msituni, kwenye podo, loliondo na mierezi, mbega wakiruka juu kwa manyoya yao meusi na meupe. Juu ya msitu kuna vichaka vya erika vilivyofunikwa na kuvumwani, kisha nyasi ngumu, kisha mawe na majivu ya volkano. Huko juu panafanana na tundra ya Siberia kwa baridi, ila kwa kalenda hapafanani kabisa. Siberia hungoja miezi ili baridi iishe. Milima yetu ya ikweta huwa na kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, na ndiyo maana lobelia kubwa za Kilimanjaro hukunja majani jua likizama ili kukinga chipukizi lisigande. Biomu nyingine ziko mbali nasi: msitu mkubwa wa mvua tungeufuata Kongo, jangwa tungelifuata Namib, na misitu ya misonobari ya nchi za baridi ipo Kanada na Urusi.

Sasa tuje kwenye afya. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu hukua ndani ya mbu kulingana na joto. Chini ya nyuzi 18 hivi hudorora, na mbu hufa kabla kimelea hakijakomaa. Ubaridi wa miinuko umewakinga wakazi wake kwa vizazi vingi, wakati mabondeni, kama Mto wa Mbu, hali ni nyingine. Mtoto aliyekulia juu hana kinga ya mwili dhidi ya malaria. Akienda bondeni likizo alale ndani ya chandarua, na akirudi na homa apimwe siku hiyohiyo.

Suala la maji linanigusa zaidi. Msitu wa Meru hupokea mvua, huipenyeza ardhini taratibu, na huirudisha kama chemchemi. Lakini mlima huu ni volkano, na miamba yake imejaa floraidi. Kadiri maji yanavyokaa na kusafiri ndani ya miamba hiyo, ndivyo yanavyoibeba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arumeru, vikiwamo vya Maji ya Chai na Ngarenanyuki, vimepita kiwango hicho. Meno ya kahawia yanayoonekana sana mkoani Arusha chanzo chake ni hicho, si uchafu wa mdomo. Kwa kiwango kikubwa zaidi mifupa huharibika na miguu ya watoto hupinda.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi nayo huongeza floraidi. Loweka maharage usiku kucha, magadi yaache dukani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arumeru, kimefanyia kazi miaka mingi uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi, na mkaa huo hubadilishwa ukichoka.

Meno ya kudumu hujengeka ndani ya fizi tangu utotoni hadi miaka 8 hivi, na baada ya hapo madoa hayaongezeki tena kwa njia hiyo. Kwa familia isiyo na chujio, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi karibu hayana floraidi kabisa: yatunzwe kwenye tangi lenye mfuniko, yachemshwe, na yawe ya kunywa na ya uji wa watoto wadogo kwanza, hata kama ya kufulia yatatoka bombani.