Tujitayarisheje kwa Kwaresima?

Wahenga walisema, "Mwanzo wa ngoma ni lele." Kwaresima nayo ina lele yake. Asiyejitayarisha mapema hupanga mstari pamoja na wenzake Jumatano ya Majivu, akapakwa majivu, kisha akarudi nyumbani asijue la kufanya kesho yake. Nataka kueleza kwa ufupi jinsi Mkristo, hasa wa parokia zetu hapa Juba, awezavyo kujiweka tayari.

Kwanza tujue maana ya jina lenyewe. Kwaresima latokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini". Tukihesabu tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu twapata siku 46. Lakini Dominika 6 zilizomo si siku za kufunga, kwa kuwa kila Dominika ni ukumbusho wa Ufufuko. Basi zabaki 40, kwa mfano wa siku alizofunga Bwana wetu jangwani.

Zamani Kanisa lenyewe liliwatayarisha watu. Kwa Dominika tatu kabla ya Kwaresima padre alivaa mavazi ya zambarau, wala Aleluya haikuimbwa. Kalenda mpya iliyotolewa mwaka 1969 iliondoa desturi hiyo. Tangu hapo maandalio yameachwa mikononi mwa kila mtu na kila jamaa.

Sheria ya kufunga ni nyepesi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mtu aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 59 hula mlo kamili mmoja tu. Aliyetimiza miaka 14 huacha nyama siku hizo, na Ijumaa zote za Kwaresima pia. Mimi nina miaka 19, kwa hiyo sheria zote mbili zanihusu. Wagonjwa wameruhusiwa kula.

Hapo mtu wa Juba aweza kuuliza: "Mimi nala mara moja kwa siku mwaka mzima. Nifunge nini tena?" Swali hili si mzaha. Tarehe 20 Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa katika sehemu za Unity, siku 9 tu kabla ya Jumatano ya Majivu ya mwaka ule. Jibu langu ni hili: njaa ambayo mtu hakuichagua si mfungo, ni msiba. Mwenye njaa hiyo apewe chakula, asidaiwe mfungo. Lakini liko jambo ambalo tajiri na maskini wote wanalo, na wote waweza kuliacha. Nalo ni kinyongo.

Vita vilivyoanza hapa Juba Desemba 2013 vilituachia kinyongo kingi. Ndiyo maana Papa Fransisko aliomba Ijumaa ya tarehe 23 Februari 2018, katika juma la kwanza la Kwaresima, iwe siku ya kusali na kufunga kwa ajili ya amani ya Kongo na Sudan Kusini. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Aprili 2019, siku 3 kabla ya Dominika ya Matawi, aliwapigia magoti viongozi wetu huko Vatikani akabusu miguu yao. Alikuwa mzee wa miaka 82. Ikiwa yeye aliweza kuinama vile kwa ajili yetu, je, sisi tutashindwa kwenda nyumba ya pili kumsalimu jirani tuliyekosana naye?

Basi nashauri mambo matatu, nayo yafanywe katika juma la mwisho kabla ya majivu.

Jambo la kwanza ni kupatana. Bwana wetu alifundisha kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, Kator, watu wa makabila mengi hukaa benchi moja. Yafaa wapeane mikono hata nje ya Misa.

Jambo la pili ni kuungama mapema. Chunguza dhamiri yako kila jioni kwa muda wa juma hilo, kisha uende kwa padre. Usingoje Juma Kuu, kwa maana mstari huwa mrefu na maneno huwa mafupi.

Jambo la tatu ni kuchagua neno moja dogo la kujinyima, lenye kipimo. Kijana asemaye "nitakuwa mwema" hana kipimo. Lakini anayeacha gilasi moja ya chai ya barabarani kila siku ajua fedha iliyobaki. Aitie katika kopo, na aamue mapema itakwenda kwa nani: mgonjwa wa jirani, au mmoja wa wale waliokimbilia kwetu kutoka Sudan tangu vita vya Aprili 2023.

Tena, tusisahau kurudisha kanisani matawi ya mwaka jana, kwani majivu hutengenezwa kwa kuyachoma. Utakapolitoa tawi lako ukutani, mkumbuke mtu ambaye hujasema naye tangu siku ulipolitundika. Anza kwake.

Nawatakieni nyote Kwaresima ya amani.