Je, Wajua? Bahari ya Kale Imejificha Ndani ya Gamba

Mawe meusi ya Tukuyu hayana konokono wa baharini wa kale, wala si ajabu: chini ya Mlima Rungwe (mita 2,961) yamelala mawe ya volkano. Anayemtaka aende Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Pamoja na tabaka za mifupa hiyo, zenye umri wa miaka milioni 150 hivi, lipo tabaka lililopewa jina la konokono wa baharini aliyetoweka, Nerinella. Gamba lake ni refu na jembamba, mizunguko imepandana hadi nchani.

Utauliza: mbona Ziwa Nyasa, kule bondeni kusini mwa Tukuyu, lina konokono wembamba vilevile, na maji yake hayana chumvi? Swali zuri, kwani kwa nje macho hudanganyika. Gamba likatwe kwa urefu. Ndani ya Nerinella mikunjo imechomoza kwenye nguzo ya katikati na kwenye kuta, ikabana nafasi ya mnyama. Konokono wa Nyasa, Melanoides, hana mikunjo hiyo. Wapo watakaodai kwamba magamba ya Tendaguru yaliletwa tu na mawimbi yakiwa matupu. Huenda baadhi yaliletwa, lakini dai hilo lenyewe limekwisha kukiri bahari, maana mawimbi hayo yalitoka wapi? Tena tabaka za Tendaguru zina kombe za Trigonia, naye ni wa maji ya chumvi.