Kocha akisema huna makini, usikimbilie mashine ya kichwani

KAMA unapiga boli huko Gatongora na kila mara kocha anafoka, “Uko wapi wewe?”, huenda si utundu. Yaweza kuwa ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini.

Mwaka wa 2019, Marekani iliruhusu kifaa kinachobandikwa kwenye paji la uso usiku na kusisimua neva kwa umeme mdogo. Kilikuwa cha watoto wa miaka 7 hadi 12, tena kwa agizo la daktari. Kwa hivyo usijifunge nyaya za mtandaoni ukisaka magoli.

Nenda upimwe kwanza. Ukiandikiwa tembe kama Ritalin, ulizia kibali ADAK mapema. Bila kibali, zimepigwa marufuku mashindanoni. Simone Biles alikuwa nacho, akanyakua dhahabu 4 Rio 2016.