Ndege ya Kukunja Mabawa

Mtu mzima kuketi na mkasi akikata ndege ya karatasi, wengi huona ni mchezo wa watoto. Sibishani nao. Lakini ndege niliyoimaliza mwezi uliopita si ya kurusha. Ni mfano wa Martlet, ndege ya kivita iliyoundwa na kampuni ya Grumman ya Marekani, ikatumiwa na Waingereza juu ya manowari za kubebea ndege. Kipimo changu ni 1 kwa 33: mabawa ya ile ya kweli yalienea mita 11.6, yangu sentimita 35.

Aliyenitia kazini ni marehemu babu. Mwaka 1942 alikuwa kuli Kilindini, na hadi uzeeni akisimulia kwamba aliona juu ya sitaha ya meli ndege zilizokunja mabawa kama kuku. Barazani walimcheka. Chuma kikunjwe kama mkeka? Ilimuuma, mwishowe akaacha kusimulia.

Naye alisema kweli. Wajapani walipoishambulia Colombo Aprili 1942, manowari za Uingereza za bahari hii, chini ya Admirali James Somerville, zilihamia Kilindini. Mojawapo ni Illustrious, ambayo Mei mwaka huo ndege zake aina ya Martlet zilipigana na za Wafaransa huko Diego Suarez, Bukini. Hata kituo cha ndege cha wanamaji hapo Port Reitz, palipo leo uwanja wa Moi, walikiita Kipanga. Ndege zao, jina letu!

Ama ujenzi wake, fundi wa jahazi angeuelewa mara moja. Kwanza mkuku, kisha mataruma ya kadi ngumu, halafu ngozi ya karatasi. Kila kipande hupindwa juu ya penseli kabla ya kutiwa gundi, tena gundi haba, kwani ikizidi karatasi hulowa ikakunjamana, na hapo hainyooki tena. Kingo zilizokatwa hubaki nyeupe, hivyo hupakwa rangi mapema. Injini ina silinda 14. Nilizisokota moja moja, jioni mbili baada ya Isha.

Lakini kazi hasa ni bawa. Dari ya ghala la ndege ndani ya meli ni fupi, basi Leroy Grumman hakutaka bawa la kusimama juu. Husimuliwa kwamba alichomeka klipu za karatasi kwenye kifutio, akazipinda huku na huku mpaka akaipata pembe. Bawa lake hujigeuza, ukingo wa mbele ukatazama chini, kisha hurudi nyuma likalala ubavuni. Upana wote ukabaki mita 4.4.

Bawaba yangu ni kipande cha waya kilicholazwa mshazari. Nilijaribu kwanza kwa mabawa ya gazeti, manane, kwa sababu pembe ikihama kidogo tu bawa hugonga mkia.

Katika waliomcheka babu, mmoja angali hai. Nilimpelekea barazani. Akalikunja bawa, akalikunjua, akalikunja tena, kimya. Kisha akaniuliza, "Babu yako alisema zilikuwa za rangi gani?"

Nikamwambia kijivu na kijani mgongoni, tumbo rangi ya mbingu.