Kuzunguka Idjwi kwa Makuta Machache

Mkazi wa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu unaopakana na Ziwa Kivu, akitaka kuzunguka kisiwa cha Idjwi peke yake kwa gharama ndogo, yampasa kuhesabu maneno kabla ya fedha. Fedha zenyewe ataziita makuta, jina la sehemu za mia za zaire, sarafu iliyoondolewa mwaka 1998. Sarafu imekwenda, jina limebaki.

Boti ya abiria na mizigo ndiyo nafuu, ila unafuu huo una mpaka wake: tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kwenda Goma, kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilizama na makumi ya watu wakafa. Heri kupoteza siku kuliko kupanda chombo kilichoelemewa.

Kisiwani atakwenda kwa miguu, au kwa moto. Ndivyo pikipiki iitwavyo huko, kutokana na Kifaransa, wala hakuna anayeungua. Sokoni, penye mananasi, Kiswahili kitamtosha. Malazi ni suala jingine. Wenyeji husema Kihavu, chini ya machifu wa maeneo mawili ya kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Tangu Bukavu ilipotwaliwa na kundi la M23 mwezi Februari 2025, mgeni asiye na ndugu wa kumdhamini ana sababu zaidi ya kujitambulisha mapema kwa mkuu wa kijiji, tena kwa salamu za Kihavu.