Kilo ya Dengu kwa Kila Sindano

Mama asiyemrudisha mtoto kliniki kwa chanjo ya tatu si lazima awe ameikataa chanjo. Angekuwa ameikataa, hata ile ya kwanza asingempeleka. Mara nyingi palizi imembana, nauli haipo, au siku ya kliniki imeangukia siku ya gulio. Anajiambia ataenda wiki ijayo, na wiki ijayo nayo inakuja na yake. Ugonjwa uliozuiwa hauonekani, lakini kibarua alichokikosa leo kitaonekana jioni hiihii chakula kitakapopungua. Sisi wa afya ya jamii tumezoea kumjibu mama huyu kwa mabango na mikutano ya elimu, kana kwamba hajui. Wengi wanajua.

Utafiti unaolifafanua jambo hili vizuri kuliko wowote niujuao ulifanyika katika vijiji vya Udaipur, jimbo la Rajasthan nchini India, ukachapishwa mwaka 2010. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walishirikiana na shirika la Seva Mandir katika vijiji 134. Baadhi ya vijiji viliendelea na huduma za kawaida za serikali. Vingine vilipata kambi ya chanjo iliyofika kila mwezi bila kukosa. Kundi la tatu lilipata kambi kama hizo, na juu yake mzazi akapewa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, kisha seti ya sahani za chuma mtoto alipomaliza zote.

Penye huduma za kawaida, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Penye kambi peke yake, 18. Penye kambi na dengu, 39.

Watu hukimbilia ile 39, na mimi naomba kwanza tutue kwenye 18. Hapo hakuna zawadi hata moja. Kilichobadilika ni kwamba mhudumu alikuwepo siku aliyosema atakuwepo. Uchunguzi wa awali wilayani humo ulikuta karibu nusu ya wahudumu wa vituo vidogo hawapo kazini. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni akakuta kufuli mlangoni hahitaji kushawishiwa. Amekwisha kushawishika, ndiyo maana alikuja.

Kisha kuna jambo lililojificha ndani ya takwimu hizo. Watoto waliopata angalau sindano moja walikaribiana sana kwa idadi penye dengu na pasipo dengu. Tofauti ilijitokeza kwenye kumaliza. Yaani dengu hazikumgeuza anayekataa. Zilimsaidia aliyekwisha kuanza asiishie njiani. Na ajabu ni kwamba gharama ilishuka: kila mtoto aliyekamilisha chanjo aligharimu takriban dola 28 penye dengu na 56 pasipo dengu, kwa sababu muuguzi analipwa siku nzima awe amechanja watoto watatu au thelathini.

Je, kiasi gani kinatosha? Huko Siaya, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kina mama walikumbushwa kwa ujumbe wa simu, na baadhi yao wakatumiwa pesa kwa simu kila mtoto alipochanjwa kwa wakati. Bila ujumbe wowote, asilimia 82 ya watoto walikuwa wamekamilisha chanjo walipofika mwaka mmoja. Ujumbe peke yake ulifikisha 86. Ujumbe pamoja na shilingi 75 ukabaki hapohapo kwenye 86. Kwa shilingi 200, ikawa 90. Naona somo kubwa katika zile 75 ambazo hazikuongeza kitu: kifuta jasho kisichofuta jasho lolote ni heri pesa hiyo ibaki mfukoni mwa kliniki.

Jambo linapokuwa gumu zaidi kwa mtu, zawadi huelemewa. Kwetu Tanzania, vijana wa vijiji vya Kilombero na Ulanga waliahidiwa pesa kila baada ya miezi minne wakipimwa na kukutwa hawana magonjwa ya zinaa yanayotibika. Baada ya mwaka, walioahidiwa shilingi 20,000 walikuwa na maambukizi machache kuliko wasioahidiwa kitu. Kwa walioahidiwa 10,000 hakukuwa na tofauti. Nako Nyanza, Kenya, wanaume waliopewa vocha ya chakula ya shilingi 1,200 za Kenya ili watahiriwe walijitokeza asilimia 9 tu, ingawa bila zawadi walikuwa chini ya 2.

Wapo wenzangu wanaosema huku ni kumhonga mgonjwa kwa faida yake mwenyewe, na kwamba zawadi zikikoma atakaa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito kwa dawa za presha au mazoezi, mambo ya maisha yote. Kwa chanjo naiona dhaifu: mtoto akishamaliza ratiba, kinga anayo, hata zawadi zikikoma kesho. Ninachokihofia zaidi ni kuita watu kwa zawadi kisha wakute chanjo zimeisha. Hao hawatarudi tena, na watawasimulia majirani.

Tanzania tayari ina mlango wa kuanzia. Mjamzito hupewa chandarua hudhurio la kwanza la kliniki, na mtoto hupewa chake anapochanjwa surua akiwa na miezi tisa. Baada ya hapo kuna safari ndefu hadi dozi ya pili ya surua, miezi kumi na minane, wakati mtoto anatembea, ana afya, na mama haoni haraka yoyote. Ningependa halmashauri chache zikague kwanza kama majokofu yao yanafanya kazi na kliniki zinafunguliwa siku zilizotangazwa, kisha zichukue sehemu ya fungu la mabango na kuijaribu kwenye hudhurio hilo la miezi kumi na minane: kilo mbili za unga, au nauli ya kwenda na kurudi, mkononi mwa mama siku hiyohiyo.